Umeme na mafuta ni shabaha halali vitani? Naomba tujadili, nimetoka barazani na moyo mzito

#1 Mzee wa Laini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mvua imekatika sasa hivi na umeme upo.

Jana baada ya swala ya isha tulibishana barazani mpaka kijana mmoja akainuka akaacha kahawa yake nusu kikombe. Redio ilikuwa imetangaza droni zimepiga mitambo ya umeme, mji mzima uko gizani. Kijana akasema ndiyo vita hiyo, anayetaka kushinda aanze na umeme wa adui. Nikasema hapana. Akaniuliza: "Hapana kwa sheria gani, mzee?" Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nimelala nalo, leo nalileta kwenu.

Mimi nimefanya kazi ya laini miaka 31. Nimepanda nguzo za miti na minara ya chuma, kuanzia Hale mpaka huku mjini. Kwa hiyo nitaanza na ninachokijua kwa mikono.

Watu wengi wanauona umeme kama maji ya bomba lenye koki: hii koki ya kambi, hii ya hospitali, funga moja acha nyingine. Sivyo. Maji ya mto Pangani yanazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na ya Pangani Falls, megawati 68. Umeme ule unapandishwa msongo, unaingia laini ya kilovolti 132, na kuanzia hapo hauna jina tena. Umechanganyika na wa Rufiji, umechanganyika na wa gesi. Ukifika kituo cha kupoza unashushwa, unagawanywa kwenye fideri, yaani laini za kuusambaza mitaani, na fideri moja hiyo hiyo inapita kambini, kwenye mashine ya kusaga, msikitini na kwenye wodi ya wazazi. Anayepiga kituo cha kupoza amepiga vyote kwa mkupuo. Na transfoma kubwa ya kituo si kitu cha kwenda kununua dukani. Inaagizwa ng'ambo, inatengenezwa kwa oda, inakuja kwa meli, na lori la kuibeba lenyewe ni la kutafuta. Ni kazi ya miezi.

Halafu kuna maji. Maji tunayokunywa hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanasafishwa Mowe. Pampu zinakula umeme. Umeme ukilala, matenki ya majumbani yanakwenda siku moja, mbili. Baada ya hapo watu wanarudi kwenye visima vya zamani, na wenyeji mnajua visima vile viko karibu na nini.

Sasa niwaeleze usiku mmoja. Binti yangu alijifungua kabla ya wakati, mtoto hana hata kilo moja na nusu. Hospitali siitaji jina. Saa nane usiku laini ikaanguka. Jenereta likagoma, betri imekufa. Mimi sikuwa zamu, nilikuwa pale pale wodini nimekuja na uji. Mashine ya oksijeni ikalia mlio mmoja mrefu ikanyamaza. Muuguzi akachukua ule mpira wa kumpumulishia mtoto, akaufunika usoni pake, akaanza kuminya kwa vidole viwili. Minya, acha, acha. Minya, acha, acha. Mimi namulika kwa simu. Mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto bila kukosa mpigo hata mmoja. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani anahesabu naye kwa sauti. Dakika 41. Mtoto alipona, yuko kidato cha pili sasa.

Asubuhi wenzangu wakaniambia chanzo: kikombe kimoja cha laini, kile kinachoshika waya, kilichopasuka. Kikombe kimoja cha udongo juu ya nguzo, wakuu. Wala hakuna aliyekusudia.

Ndiyo maana mtu akiniambia "piga umeme wa adui" mimi sioni adui. Nauona ule mpira.

Msimamo wangu: gridi ya umeme isiguswe vitani, kama maji ya kunywa yasivyotakiwa kuguswa. Anayejua sheria anisaidie, na anayepinga apinge.

#2 Pweza wa Deep Sea

Mzee shikamoo. Nimesoma hapo kwenye dakika 41 nimeweka simu chini kwanza.

#3 Kifaru Mweupe

Shikamoo mzee wangu. Uzi mzuri, pole kwa mlichopitia. Ila mimi napinga.

Vita si harusi. Kiwanda cha risasi kinakwenda kwa umeme. Rada inakula umeme. Reli za huko Ulaya nyingi ni za umeme na ndizo zinabeba vifaru. Mwaka 1944 Wamarekani na Waingereza walipoyaandama mafuta ya Wajerumani, mitambo ya petroli ya bandia na viwanda vya kusafisha mafuta vya Ploiești kule Rumania, ndege za Hitler zikawa zinakosa mafuta ya kurukia na marubani wapya wanakosa ya kujifunzia. Vita ingechelewa kuisha, wangekufa wangapi zaidi? Ukiniambia gridi isiguswe kabisa unampa adui ngao. Ataweka kila kitu chake nyuma ya waya huo huo wa wodi ya wazazi.

#4 Wakili wa Chumbageni

Niingie hapa kwa upande wa sheria, maana mzee ameomba.

Hakuna ibara inayosema "mtambo wa umeme ni marufuku kupigwa". Hakuna pia inayosema ni ruksa. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977, inayokamilisha Mikataba ya Geneva ya 1949, na ambayo Tanzania imejiunga nayo tangu 1983, ibara ya 52 inataka mambo mawili yatimie kwa pamoja. Kwanza, kitu chenyewe kiwe kinachangia kweli shughuli za kijeshi, kwa asili yake, mahali kilipo, makusudi yake au matumizi yake. Pili, kukiharibu kuwe na faida ya kijeshi iliyo dhahiri, kwa hali ilivyo wakati huo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtambo uliokuwa shabaha halali jana unaweza usiwe leo. Na faida ya "wananchi watachoka waipindue serikali yao" haihesabiki kuwa faida ya kijeshi.

Hata ukivuka hapo hujamaliza. Ibara ya 51 inakataza shambulio ambalo madhara yake kwa raia yanatarajiwa kuzidi faida ya kijeshi. Ibara ya 57 inakutaka uchague njia na silaha yenye madhara madogo. Ibara ya 54 inalinda vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, na mitambo ya maji ya kunywa imetajwa humo kwa jina. Kwa hiyo mzee, pampu zako za Mowe zina ulinzi wa moja kwa moja kuliko waya unaozilisha. Hilo ndilo pengo.

Kifaru, na wewe umeuliza jambo la haki. Anayejificha nyuma ya raia naye anavunja sheria. Lakini kosa lake halikufungulii wewe mlango wa kuwaua wale raia.

Mfano wa karibuni. Machi 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ilitoa hati za kuwakamata makamanda wawili wa Urusi, Sergei Kobylash na Viktor Sokolov, na Juni mwaka huo huo ikawaongeza Sergei Shoigu na Valery Gerasimov, kwa mashambulizi kwenye mitambo na vituo vya umeme vya Ukraine kuanzia Oktoba 2022 mpaka Machi 2023. Majaji walisema jambo ambalo watu wa baraza mngelipenda: hata kama baadhi ya vituo vile vingeweza kuhesabiwa shabaha za kijeshi, madhara yaliyotarajiwa kwa raia yalizidi mno faida iliyotafutwa. Hizo ni hati za kukamatwa, hakuna aliyetiwa hatiani bado. Ila mstari umechorwa.

#5 Mzee wa Laini (mleta mada)

Asante sana wakili. Hilo la "kwa hali ilivyo wakati huo" nimelisoma mara tatu.

Kifaru, sijakataa kwamba vita ni vita. Nikuulize lakini habari ya Iraki, 1991. Kwa wiki sita za mabomu umeme wa nchi ile ulipigwa ukabaki kidogo sana. Vita ikaisha Februari. Maji taka yakaendelea kumwagika Tigris kwa sababu pampu hazina umeme, na watu wanakunywa Tigris hiyo hiyo. Kipindupindu na homa ya matumbo vikaja baada ya jeshi la Saddam kuwa limekwisha kutolewa Kuwait. Faida ya kijeshi ilikwisha, mtoto anaendelea kuhara. Huo ndio umeme. Daraja ukilivunja, athari unaiona siku ile ile. Umeme unaua mwezi wa tatu, mbali na pale bomu lilipoangukia, na hakuna anayeandika jina.

Serbia 1999 nayo nilipata kuisoma kwa sababu ya kazi yangu. NATO walidondosha mabomu yanayomwaga nyuzi nyembamba za kaboni juu ya laini. Nyuzi zile zikigusa waya mbili, shoti, mtambo unajizima wenyewe. Usiku wa Mei 2 karibu asilimia 70 ya Serbia ikawa giza, na mafundi wakasafisha wakarudisha. Nikajiambia, haya ni maendeleo, angalau transfoma imebaki. Lakini baadaye mwezi huo huo wakarudi na mabomu ya kawaida.

#6 Mwana wa Mapinduzi 64

Mzee wangu, kwa heshima zote, unasahau sisi ni akina nani.

Nchi hii iliwapa kambi watu waliolipua umeme na mafuta, na hatukuwaona wahalifu. Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, walianza Desemba 16, 1961 kwa hujuma dhidi ya majengo ya serikali na miundombinu ya umeme. Mandela mwenyewe mwaka 1964 kizimbani alieleza mbele ya jaji kwamba walichagua hujuma, mitambo ya umeme ikiwemo, kwa sababu ilikuwa njia isiyomwaga damu. Mwaka huo huo kambi ya Kongwa ikafunguliwa hapa kwetu. Juni 1, 1980 wakachoma mitambo ya Sasol, kampuni inayotengeneza mafuta kwa makaa ya mawe. Desemba 1982 wakatega mabomu kwenye kinu cha nyuklia cha Koeberg kabla hakijawashwa, hakuna aliyekufa. Wapiganaji wa ZANLA wa Zimbabwe, ambao nao tuliwalea, Desemba 1978 walichoma bohari la mafuta la Salisbury, Harare ya leo, likawaka siku kadhaa, na nchi ya Ian Smith, kiongozi wa walowezi, tayari ilikuwa inapata petroli kwa shida kwa sababu ya vikwazo.

Walikosea? Sisi tuliowapa ugali tulikosea? Kama gridi haiguswi kamwe, basi mnyonge asiye na ndege wala kifaru umemnyang'anya silaha pekee aliyokuwa nayo.

#7 Kifaru Mweupe

Hapo ndipo penyewe. Nasubiri mzee ajibu.

#8 Mzee wa Laini (mleta mada)

Hoja hii imeniuma, na nimekwenda kuswali nikarudi kabla ya kujibu.

Hawakukosea. Nikisema walikosea nitakuwa nadanganya, mimi mwenyewe nilichanga shuleni kwa ajili ya ukombozi. Ila tuangalie walichokipiga. Koeberg walitega kabla mafuta ya nyuklia hayajatiwa. Bohari la Salisbury lilikuwa petroli na dizeli, mafuta ya magari ya jeshi na ya uchumi wa walowezi. Bohari, sawa, nakubali ni shabaha halali. Na nguzo moja ya umeme porini ni kazi ya siku mbili kwa gengi zuri, nimesimamisha nyingi. Aliyechagua nguzo badala ya kituo cha kupoza alikuwa anaweka ujumbe, hakutaka kuua mji.

Linganisha na Msumbiji. Waasi wa Renamo, kwa msaada wa Makaburu wa Afrika Kusini, walizilipua nguzo za laini ya bwawa la Cahora Bassa mpaka laini ikafa zaidi ya miaka kumi. Bwawa kubwa vile limekaa, maji yanapita tu. Silaha moja, nguzo ile ile ya chuma. Kwa hiyo narekebisha kauli yangu ya kwanza: si "isiguswe kabisa". Ila nasema anayegusa ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha, na athibitishe kabla, kwa kujua fideri inakwenda wapi. "Nilidhani" isikubaliwe.

Na kwa kuwa umetaja sisi ni akina nani, nikukumbushe jingine. Machi 1979, kwenye vita yetu na Amin, ndege ya Libya iliyomsaidia, aina ya Tu-22, ilikuja Mwanza kupiga bohari la mafuta. Ikakosea. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi, yakaua swala. Mwezi uliofuata, Aprili 22, jeshi letu likaingia Jinja. Bwawa la Owen Falls pale ndipo Uganda yote ilipopata umeme, na Kenya ilikuwa inanunua. Tulikuwa na hasira, Kagera imechomwa, daraja la Kyaka limelipuliwa, kiwanda cha sukari kimeporwa. Bwawa la Jinja likachukuliwa zima. Hospitali za Kampala zikaendelea kupata umeme siku ambayo Amin alikuwa amekwisha kukimbia. Mimi hilo najivunia kuliko mizinga.

#9 Wakili wa Chumbageni

Mzee, na bwawa lina ibara yake, ya 56. Mabwawa na vinu vya umeme wa nyuklia havipigwi hata vikiwa shabaha za kijeshi, kama kuvipiga kutaachia maji au mionzi ya kuua raia wengi. Ilitungwa na watu waliokumbuka Mei 1943, Waingereza walipopasua mabwawa ya Möhne na Eder huko Ujerumani na maji yakaua watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wafanyakazi wa kulazimishwa waliotekwa kutoka Umoja wa Kisovieti. Waliokufa kwa wingi ni wahanga wa Hitler wenyewe. Fikirieni Nyumba ya Mungu ipasuke, maji yashuke Korogwe, Hale, mpaka Pangani mjini.

Kuna upenyo mwembamba kwenye ibara hiyo, bwawa likitumika kulisaidia jeshi moja kwa moja na hakuna njia nyingine. Lakini ni mwembamba kweli kweli. Hapa jirani, Sudan, Januari 2025 droni zilishambulia kituo cha bwawa la Merowe na miji ikakaa giza. Port Sudan, Mei mwaka huo, bohari za mafuta zikawaka.

#10 Mvuvi wa Chongoleani

Assalaam aleikum wazee. Mimi si msomi ila nakaa Chongoleani, na matangi ya bomba la mafuta kutoka Hoima yako huku kwetu. Nikitoka na ngalawa alfajiri nayaona kabla sijaiona nyumba yangu. Kilomita 1,443 za bomba, 1,147 ziko upande wetu, na linapashwa moto njia nzima mafuta yasigande maana yana nta. Mwaka 2017 marais wawili walikuja kuweka jiwe la msingi tukashangilia.

Nauliza tu. Siku ikitokea vita, Mungu apishe mbali, sisi tunaokaa pembeni ya matangi ni nani? Tumekuwa shabaha bila kuulizwa?

#11 Wakili wa Chumbageni

Waaleikum salaam mvuvi. Ninyi si shabaha. Nyumba yako, ngalawa yako na bahari yako vinabaki vya raia hata matangi yakihesabiwa shabaha, na anayeyapiga anatakiwa awahesabu ninyi.

Je, matangi yenyewe? Mafuta yale ni ghafi ya kuuzwa nje, hayawezi kutiwa kwenye kifaru. Kitakachobishaniwa ni fedha. Marekani, ambayo haijaridhia Itifaki ile, inashikilia kwamba kitu kinacholisha uchumi wa vita nacho chaweza kupigwa. Novemba 2015 huko Syria Wamarekani walichoma malori 116 ya mafuta ya kundi la ISIS kwa hoja hiyo. Walidondosha vipeperushi kwanza kuwaambia madereva washuke wakimbie. Nchi nyingi na wanasheria wengi wanaikataa hoja ya fedha, maana hata mkonge na samaki ni fedha. Mimi pia naikataa. Ukiikubali, hakuna kitakachobaki nje.

#12 Pweza wa Deep Sea

Sasa mzee nikuulize wewe, usikwepe. Vita imefika, jeshi letu linakuja kwako mtu wa laini, wanakuwekea mezani ramani ya gridi ya adui: tuoneshe pa kupiga. Unaonesha?

#13 Mzee wa Laini (mleta mada)

Naonesha.

Naonesha fideri ya kambi na fideri ya uwanja wa ndege wa kivita. Naonesha swichi ya kukata bila kuvunja transfoma. Halafu bila kuulizwa nawaandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: kituo hiki kikipigwa, hospitali hii inabaki na jenereta tu, na mji huu unabaki na maji ya siku mbili. Kamanda akipiga baada ya hapo, amepiga anajua, na karatasi ipo. Nisingekaa kimya nikasema mimi ni fundi tu.

Na bohari la mafuta la jeshi naonesha bila kusita.

#14 Sista wa Zamu ya Usiku

Baba, shikamoo. Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, sasa hivi saa tisa.

Dakika 41 ni nyingi sana. Baada ya kumi za mwanzo husikii tena vidole, unaangalia kifua cha mtoto kama kinapanda ndiyo unajua unaminya. Mimi nimewahi kufika 25, na siku iliyofuata nilishindwa kushika kalamu.

Lakini nataka niseme kuhusu bohari, maana naona wote mmekubaliana bohari ni halali mkaendelea na mengine. Wodi yangu umeme ukikatika tunakwenda kwa jenereta. Pipa moja la dizeli linatufikisha usiku mmoja na asubuhi yake tukizima viyoyozi na kuacha mashine za watoto, friji ya damu na chumba cha upasuaji. Pipa la pili linatoka wapi? Linatoka mjini, kwenye lori, na lori linajaza bohari. Hakuna bohari la hospitali peke yake. Dizeli ya lori la jeshi na dizeli ya jenereta letu zinatoka tangi moja, mpira ule ule wa kujazia.

Kwa hiyo kalamu yako nyekundu uiandike na hapo.

#15 Mzee wa Laini (mleta mada)

Marahaba mwanangu. Hilo sikuliona. Miaka 31 nimeangalia juu kwenye waya, sikuangalia chini kwenye pipa.

Neno "bila kusita" nalifuta. Wakili, hizo ibara zinasemaje bohari likiwa moja kwa wote wawili? Na wewe sista, ukipata nafasi, tuandikie hapa jenereta lenu linakula lita ngapi kwa saa, na wodi zipi mnazizima kwanza. Kesho baada ya isha nataka nikamsomee yule kijana wa kahawa.